Mashine Iliyoombewa na Jumuiya

Jumamosi iliyopita, kwenye maombi ya waamini, mwanajumuiya mmoja aliinamisha kichwa akasema: "Tumwombe Mungu aijalie familia hii mashine yao ipone." Wote wakaitikia, "Twakuomba utusikie." Walioitikia kwa nguvu zaidi ni wale waliokuwa bado wanakohoa.

Zamu ya sala ilikuwa kwangu, hapa Forest ya Zamani, Mbeya, saa 10 jioni. Fundi aliahidi kuleta mashine ya kukatia majani asubuhi. Akaifikisha saa 9 na nusu, imefutwa vumbi, kisu kinang'aa. "Bosi, hii sasa ni mpya." Nikavuta kamba, ikawaka. Sikufika mbali, moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye sailensa. Ulikuwa moshi mzito wenye mafuta, wa kutambaa chini. Ukavuka michongoma, ukampokea mwenyekiti wa jumuiya getini kabla yangu. Nyuma yake bibi mmoja wa Kinyakyusa, kijitabu cha nyimbo mkononi, alisimama akanusa. "Ndaga fijo, asante sana mwanangu," akasema, "leo umetufukizia ubani kama wa Pasaka."

Nikazima. Ua ukabaki umekatwa upande mmoja, kama kichwa cha mtu aliyekatikiwa umeme kwa kinyozi. Wazee tuliwapa upande uliokatwa. Vijana wakakaa msituni. Katekista alisoma somo huku akipepea kitabu. Nyimbo zilipungua beti. Kisha ndiyo yakaja maombi yale, na mimi mwenye nyumba ikabidi niitikie.

Kilichotokea ndani ya injini nimekifuatilia tangu siku hiyo, na kwa kweli kinapendeza. Injini hizi ndogo nyingi hazina pampu ya oili. Oili hukaa chini, na kijiko kidogo huirusha juu kila shafti inapozunguka, kila kitu kikalowa. Ni ufundi wa kimaskini, nao hufanya kazi vizuri kabisa, ilimradi mashine isimame kwa magurudumu yake. Sasa fundi alitaka kunoa kisu, na kisu kiko chini ya tumbo, kwa hiyo akailaza ubavu. Mbavu ziko mbili. Mmoja una kabureta na eakilina. Ukiulaza huo chini, oili inateremka kwa mrija wa kupumulia hadi kwenye eakilina, nyingine inapenya kwenye ringi za pistoni na kusubiri kwenye chumba cha mwako. Ukiwasha, inaungua yote. Ukilaza ubavu wa pili, kabureta ikitazama juu, au ukiinua pua plagi ikaangalia mbingu, hakuna kinachomwagika. Kazi ni ile ile. Maelezo hayo yamo kwenye kitabu kilichokuja na mashine, kwa Kiingereza na Kichina.

Lakini kwa nini ilikwenda kwa fundi? Kwa sababu ya moshi mwingine, mweusi. Niliinunua Kariakoo, kule pwani. Pale dukani muuzaji aliiwasha kwa mvuto mmoja, ikanguruma kama ilivyopaswa, naye akanipigia hesabu ya nguvu zake. Hesabu ile ilikuwa ya usawa wa bahari. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu, na hewa yetu ni pungufu kwa karibu moja ya sita. Kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Ina jeti, kipande cha shaba chenye tundu ambalo sindano hupita kwa shida, na tundu hilo linaendelea kumimina petroli kana kwamba bado tuko Kariakoo. Petroli inazidi hewa, plagi inajaa masizi, injini inakohoa. Dawa yake ni jeti yenye tundu dogo zaidi. Zipo, watengenezaji wanazitoa kwa ajili ya nchi za juu. Niliizungukia hapa mjini, Mwanjelwa na Kabwe. Spea za bodaboda nilionyeshwa mpaka za pikipiki ambazo hazijaingia nchini. Jeti hiyo, hapana. Fundi akanibadilishia plagi, na alipokuwa pale pale akaona ni vyema anoe na kisu.

 



Mvumbuzi wa mashine hizi, Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, alipata hataza yake mwaka 1830. Wazo alilitoa kiwandani, kwenye mashine ya kunyoa manyoya ya vitambaa vya sufu. Inasimuliwa kwamba aliifanyia majaribio usiku, majirani wasije wakamwona kichaa. Kwa hilo namheshimu kuliko kwa uvumbuzi wenyewe. Yake ilikuwa ya visu vya kuviringika, inakata kama mkasi. Hizi zetu zina kisu kimoja cha bapa kinachozunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Kikiwa cha sentimeta 50, ncha yake inakwenda zaidi ya kilometa 280 kwa saa. Kingo zake za nyuma zimekunjwa juu ili zivute upepo, majani yasimame wima kabla ya kukatwa. Kuna mtu alikaa akafikiria hilo. Akafikiria na ubavu wa kulazia, akafikiria na jeti ya milimani, akayaandika. Yote yaliishia njiani kabla ya kutufikia, bei peke yake ikafika salama.

Wala sishangai sana. Mtoto akichaguliwa shule ya bweni kidato cha kwanza, fomu inamtaka aende na fyekeo, jembe na ndoo. Akichelewa kuhesabu namba, anapewa eneo afyeke. Tumekulia humo, tukajua kwamba majani ni adhabu, na adhabu haina ufundi, kwa hiyo anayeifanya hastahili kulipwa. Kijana aliyemalizia ua wangu Jumapili kwa fyekeo aliniomba ujira mdogo kuliko nilioulipa moshi. Aliukata sawasawa mpaka kwenye mashina ya michongoma, mahali ambapo mashine haifiki. Nilipomwongezea, alizihesabu upya noti, akanirudishia moja. Alidhani nimekosea.

Nawe unayefikiria kununua, ukiwa Mbeya, Iringa, Makambako au Njombe: kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji jeti ya milimani iko wapi, na mashine inalazwa ubavu gani. Akibaki anakutazama, nunua fyekeo na jiwe la kunolea.