Ndizi, Panya na Kabati Kichochoroni

Kijiweni kwetu Magomeni hakuna anayeuliza habari imetoka gazeti gani. Swali ni moja tu: imetokea umbali gani? Ikitoka ng'ambo ya bahari mbili tatu, inapokewa kama kahawa ya moto, kikombe baada ya kikombe. Ikitoka mtaa wa pili, inadaiwa mashahidi wanne. Sheria hii naijua kwa kuumbuliwa nayo, maana mimi ndiye mtangazaji wa kijiwe. Sikuchaguliwa na mtu. Nilikuwa wa kwanza kununua simu yenye kioo kikubwa, na macho ya wazee wangu yalikwisha gombana na herufi ndogo.

Kazi ilinoga Machi 2021, meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez. Nikasoma kwa sauti: urefu wake mita 400, tufani ya mchanga ilikuwa ikivuma, omo imechimbia ukingo huu, tezi imegota ukingo ule, na mamia ya meli yako foleni. Hakuna aliyebisha. Nikawaonyesha na picha ya katapila likifukua mchanga chini ya omo, dogo kama kuku anayeparua chini ya ghorofa.

Babu wa Kilwa, aliyevua samaki miaka arobaini mpaka magoti yakamstaafisha, aliweka kikombe chini, akahesabu vidole.

"Leo mwezi kumi," akasema. "Waambie wasijichoshe. Siku nne tano hizi linaingia bamvua, maji yatajaa, chombo kitanyanyuka."

Tulicheka mpaka muuza kahawa akamwagia makaa maji. "Babu, ile si ngalawa!"

Tarehe 29 Machi, bamvua limejaa na matishari yakivuta kwa nguvu zote, meli ikanasuka. Babu hakusema neno. Aliagiza kahawa, kisha akaninyooshea kidole mimi, kwamba mlipaji ni huyu.

Mtu mwenye akili angejifunza kitu pale. Mimi, mwaka huohuo, nilimnunulia mama watoto kabati la mninga la milango mitatu. Seremala alipima ukuta wa chumbani kwa uaminifu wote. Kichochoro hakukipima mtu.

Vijana wawili walilibeba vizuri mpaka kwenye kona ya pili. Hapo likageuka kidogo, likalala mshazari, likatulia. Omo ukutani kwa jirani, tezi kwenye bomba la maji machafu. Nyuma yake ikaanza foleni: muuza maji na mkokoteni wake wa madumu, watoto wa madrasa, mama mmoja na sinia la vitumbua kichwani, na kijana wa bodaboda aliyepiga honi bila kukoma, utadhani kabati lina masikio. Ushauri ukamiminika. Mmoja alitaka tusukume, mwingine tuvute, na watoto wa madrasa wakatambaa chini yake wakaenda zao.

Misri iliizuia ile meli hadi Julai ikidai fidia. Jirani yangu naye alitoka na kanga yake ya nyumbani, akashika mguu wa kabati, akatangaza kuwa halitoki mpaka plasta yake iliyochubuka ilipwe. Nikatuma mtoto akamwite Babu.

"Shikamoo Babu. Bamvua lini?"

"Marahaba. Kichochoroni hakuna bamvua, mwanangu. Lete msumeno."

Kabati lile halina miguu hadi leo. Limekalia matofali manne, na kila mgeni akiingia chumbani mama watoto humsimulia habari za Misri.

Novemba 2024 ikaja ndizi. Kwenye mnada wa Sotheby's jijini New York, ndizi moja iliyobandikwa ukutani kwa gundi ya utepe iliuzwa dola milioni 6.2. Ni kazi ya msanii wa Italia, Maurizio Cattelan, iliyoonyeshwa kwanza Miami mwaka 2019. Mnunuzi, tajiri wa sarafu za mtandaoni Justin Sun, aliipeleka Hong Kong, akaita waandishi wa habari, akaimenya akaila.

Nilitegemea kuzomewa. Wapi! Fundi baiskeli alichora hesabu mchangani kwa spoku, akapata zaidi ya shilingi bilioni 16, akatikisa kichwa kwa heshima. Aliyetushangaza ni yule muuza matunda wa New York aliyeiuza asubuhi ile kwa senti 35. "Huyo ndiye wa kupewa pole," akasema muuza kahawa, na macho yakamtoka machozi ya kibiashara.

Kilichowatatiza ni kitu kimoja. Ndizi inaoza, sasa tajiri amenunua nini? Nikaeleza kuwa amenunua cheti na maelekezo ya kubandika ndizi nyingine.

"Yaani kalipa bilioni 16 akapewa karatasi?"

"Mbona hilo tunalijua," Fundi akajibu. "Mimi nina karatasi ya kiwanja tangu 2012. Kiwanja chenyewe wanakaa watu wengine."

Jioni nikapita gengeni, nikanunua ndizi mbivu ya mia mbili na gundi ya utepe ya elfu tatu. Nikaibandika sebuleni, nikakaa kitini kuitazama. Mama watoto alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba watoto, hii nini?"

"Sanaa."

"Haya. Sanaa ikianguka kwenye kochi utafua wewe."

Haikuanguka. Usiku panya alipanda juu ya kochi, akaila yote, akaacha ganda likining'inia kama soksi. Nilipobandua utepe ulitoka na rangi ya ukuta, kipande cha ukubwa wa chapati, na baba mwenye nyumba alikata bei yake kwenye amana yangu. Kijiweni walinipa pole kwa kupokezana: panya wangu kala bilioni 16, na hakuita hata mwandishi mmoja wa habari.

Walipotaja panya, kidonda kikafunguka. Septemba 2020 niliwasomea habari ya Magawa, panya buku aliyepewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA. Alikuwa akinusa mabomu ya ardhini Kambodia. Panya kama yeye ananusa baruti yenyewe, habahatishi kila msumari uliofukiwa. Ni mwepesi, hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuifanya siku nne. Mpaka hapo walikuwa wananisikiliza. Kosa langu ni kumalizia kwamba Magawa kazaliwa na kufundishwa kwetu, Morogoro. Kijiwe kililipuka bila bomu. Morogoro! Pale pale tunapotoa nyanya! Miaka minne nimeitwa Baba Panya.

Safari hii alikuwepo mpwa wa Fundi, anayesoma Chuo Kikuu cha Sokoine. "Mbona ni kweli," akasema. "Shirika lao la APOPO liko hapo hapo chuoni. Wengine wananusa makohozi, wanatafuta kifua kikuu. Na kabla ya Kambodia walifanya kazi Msumbiji, mpaka nchi ikatangazwa mwaka 2015 kuwa imeondolewa mabomu ya ardhini."

Babu wa Kilwa aliacha kucheka. "Msumbiji," akarudia. Akatuambia ana shemeji yake ng'ambo ya Ruvuma, aliondoka asubuhi kwenda kulima mihogo, akarudi amebebwa, mguu mmoja haupo. Vita ilikuwa imekwisha siku nyingi. Kikombe chake kikapoa mkononi, na hakuna aliyejua la kusema.

Mwisho Fundi akauliza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake: "Panya hao wanalipwa nini?"

"Ndizi," kijana akajibu. "Akinusa sawasawa, anapewa kipande."

Magawa alifariki Januari 2022, akiwa amefichua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100. Ndizi zake zote, hata ukijumlisha na karanga, hazifiki bei ya ile ndizi ya New York. Kijiwe kimenivua jina la Baba Panya, ila nimeonywa: siku nyingine nianze na Kambodia, Morogoro nije nayo taratibu. Nawe msomaji, habari ya ajabu ikitoka jirani, ipe angalau kikombe kimoja cha kahawa kabla hujaicheka. Na ukienda kununua kabati, pima kichochoro.