Eda ya Isabel

Mahakama ya nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, ilikuwa inakaa saa moja na nusu usiku, siku tano za wiki, na ilikuwa na kanuni moja tu, iliyoandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa sebule: mwenye kukohoa akohoe wakati wa matangazo. Mshitakiwa alikuwa mjane mmoja mrembo kutoka ng'ambo, Isabel Arroyo. Jaji alikuwa Bibi. Sisi wengine, pamoja na wapangaji wa vyumba vya uani na watoto wao, tulikuwa wazee wa baraza. Mwenye kiti alikuja nacho, asiye na kiti alikaa mkekani, na aliyechelewa alisimama dirishani akachangia hukumu kutokea nje.

Waliowahi kuugua ugonjwa wa tamthilia za Kilatini wameshamjua Isabel. Kwao tamthilia yenyewe inaitwa El cuerpo del deseo, ya Telemundo, mwaka 2005. Kwetu ilifika ikiwa imevishwa Kiingereza na jina la Second Chance. Mzee mmoja tajiri, Pedro José Donoso, anaoa binti mbichi, anampenda mpaka akili zinamruka, halafu ghafla anakufa. Anazikwa. Roho yake, badala ya kwenda zinakokwenda roho za wenzake, inaingia kwenye mwili wa mkulima fukara aitwaye Salvador Cerinza, kijana mwenye kifua kama mlango wa msikiti. Pedro José anaamka ndani ya kifua hicho, anarudi kwenye jumba lake mwenyewe, anaomba kazi, na ndipo anapogundua kwamba mkewe hakuwa mpweke kiasi kile alichodhani. Andrés, kijana wake wa kuaminika, alikuwa anasaidia kazi nyingi kuliko zile alizoajiriwa nazo.

Siku ya kwanza kulizuka ghasia. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulijua sheria ya dunia: steringi hafi. Anapigwa risasi, anaanguka korongoni, anatupwa mtoni kwenye gunia, lakini hafi. Sasa huyu amekufa kabla hatujamzoea! Mpangaji wa chumba cha tatu, muuza samaki, alisimama akadai tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliyemtuliza ni shangazi yetu wa Mombasa, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kwa juma moja na akakaa mpaka tamthilia ikaisha.

"Kaeni," alisema. "Huyu mzee namjua. Kufa kwake si kufa."

Na kweli alikuwa anamjua. Aliyeigiza uzee wa Pedro José ni Andrés García, ambaye miaka ya 1980 alikuwa steringi wa Tú o nadie, ile iliyowaliza Wakenya miaka ya 1990 kwa jina la No One But You. Humo namo alikuwa tajiri, humo namo ndege ilianguka akahesabiwa maiti, humo namo alirudi akakuta nduguye wa kufikia amelitumia jina lake kuoa mke. Kwa mujibu wa shangazi, mtu aliyekwisha kufa mara moja akarudi hawezi kushindwa mara ya pili, maana njia anaijua. Muuza samaki akakaa.

Tatizo likabaki lugha. Kiingereza kilikuwa kinatoka kwenye midomo iliyokuwa bado inasema Kihispania, hivyo mtu alifunga mdomo na maneno yakaendelea. Katika nyumba nzima, mwenye kidato cha nne alikuwa mmoja, binamu yangu, na ndiye aliyepewa kazi ya ukalimani kwa malipo ya finyango la kwanza la nyama. Bahati mbaya, binamu hakujifunzia kutafsiri shuleni. Mwalimu wake alikuwa Lufufu, yule bingwa wa kuingiza Kiswahili kwenye filamu za mabanda, na Lufufu hakuwa mtu wa kufuata maneno ya mwenzake pale ambapo yeye alikuwa na mazuri zaidi. Kwa hiyo Isabel akimwambia Andrés neno moja, binamu alitupa matatu na methali juu. Andrés akijibu "No", sisi tulisikia, "Mpenzi, maji yakishamwagika hayazoleki, na mimi leo sikupata hata chai."

Bibi alimkamata juma la kwanza tu. Kiingereza hakujua hata salamu, lakini alikuwa anatazama macho na kusikiliza muziki. "Wewe unatudanganya," alimwambia. "Huyu hajasema habari za chai. Huyu amesema anataka kumuua mtu." Dakika tano baadaye Andrés alikuwa anapanga njama. Tangu siku hiyo binamu alitafsiri, Bibi akasahihisha, na finyango likahamia kwa Bibi. Nimewasikia wasomi wakizibeza hizi tamthilia kwa jinsi kamera inavyomganda mtu usoni na vinanda vinavyopiga kelele kila mlango unapofunguliwa. Wangekaa mkekani na Bibi wangeona faida yake. Kisa kinachoeleweka na ajuza wa Ngamiani bila kuelewa hata neno moja kimetengenezwa na fundi.

Kesi yenyewe sasa. Kwa wenzetu Kolombia, alikotoka mwandishi Julio Jiménez (naye alikuwa ameshakisimulia kisa hiki mwaka 1992 kwa jina la En cuerpo ajeno), bila shaka swali lilikuwa la mapenzi: je, Isabel atampenda mzee aliyemo ndani ya kijana? Kwetu hakuna aliyeshughulika na hilo. Swali la kwanza lilikuwa eda.

"Mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10," alisema Bibi. "Huyu hata arobaini ya marehemu haijafika ameshapaka wanja."

Baba mdogo, aliyesoma madrasa mpaka akakaribia kuwa mwalimu, akakohoa, na haikuwa wakati wa matangazo. Akasema suala ni zito. Eda ni ya mume aliyekufa. Huyu amekufa, kweli, kazikwa, kweli, lakini yuko jikoni anabeba kuni. Je, eda inaendelea, imekatika, au haijaanza? Na akija kumwoa tena Isabel kwa mwili wa Salvador, atatoa mahari mapya au anarejea kwa yale ya zamani? Na kuna jambo ambalo watu walikuwa wanalipita: Salvador mwenyewe alikuwa na mke shambani. Mwili ni wa mume wake. Huyo mama naye akija kudai haki yake ya ndoa, adai kwa nani?

Wanawake wa uani waligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema mume ni roho. Wa pili, ukiongozwa na mke wa muuza samaki, ulikitazama kile kifua na kusema mume ni mwili. Walinuniana siku kadhaa, na kamba ya kuanikia nguo ikagawanywa.

Halafu ikaja mirathi, na hapo ndipo baba mdogo alipoacha kula. Pedro José ameacha mjane na binti mmoja, Ángela. Baba mdogo alichukua daftari la mwanawe la hesabu akapiga: mjane mwenye mtoto wa marehemu, thumuni, binti wa pekee, nusu, jumla sehemu 5 katika 8. Zinabaki 3. Zinakwenda kwa asaba, ndugu wa kiume wa marehemu. Wako wapi? Kwa juma zima alitazama kila mwanamume aliyepita kwenye lile jumba, dereva, daktari, padri, akitafuta sura ya Donoso ili ampe haki yake. Kwamba Pedro José alikuwa Mkatoliki mwenye picha ya Bikira Maria ukutani, hilo hakuna aliyeliona kuwa kipingamizi. Nilipojaribu kulisema, baba mdogo aliniuliza kama hesabu nazo ni za Kikatoliki.

Yote haya yangebaki mkekani kama bomba la jikoni lisingepasuka.

Fundi aliyeitwa alikuwa kijana mgeni mjini, mpole, mwenye mikono mirefu. Babu yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki zaidi ya mwaka, na katika maisha yake alikuwa na vituko vyake ambavyo familia ilivizoea. Kimojawapo: chai alikunywa na chumvi badala ya sukari, akadai ndiyo dawa ya magoti. Yule kijana akapewa kikombe cha chai, akaonja, akamgeukia mama yangu na kumuuliza kwa adabu, "Samahani mama, naomba chumvi kidogo."

Jikoni pakawa kimya. Mama aliachia mwiko. Shangazi wa Mombasa alitoka mbio kwenda kumwita Bibi, na njiani akawaambia wapangaji wote. Saa hiyo hiyo mlango wa jikoni ulikuwa umejaa vichwa, na maskini kijana yumo chini ya sinki, hajui kwamba anachunguzwa kuanzia nyayo.

Mambo yakazidi kuharibika. Alisema anatafuta koki kuu ya maji, na kabla hajaelekezwa akatoka uani, akapita nyuma ya choo, akafukua mchanga kwa kidole na kuipata. Koki ile Babu aliifukia mwenyewe, kwa ugomvi na wapangaji. Baadaye kijana alieleza kwamba nyumba zote za zamani mtaa ule koki ziko nyuma ya choo, lakini alieleza kwa mtu ambaye alikuwa hataki tena kusikia mambo ya ufundi.

Bibi aliletewa kigoda akaketi mbele ya sinki. Sote tulingoja machozi. Ndivyo ingekuwa kwa kina Isabel: angemshika uso kwa mikono miwili, vinanda vingelia, matangazo yangeingia. Bibi alimtazama kijana kwa muda mrefu, kisha akasema:

"Pesa za bati ulimpa nani?"

Kijana akasema, "Shikamoo Bibi. Bati zipi?"

"Marahaba. Bati za banda la kuku. Ulitoka nazo hapa asubuhi, ukarudi jioni bila bati na bila pesa, ukasema utanieleza kesho. Kesho yake ukaumwa, ukafa."

Fundi alimaliza kazi haraka kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Aliacha spana mbili na hakuchukua ujira.

Siku ya sehemu ya mwisho watu walioga mapema. Muuza samaki alifunga genge alasiri. Mkeka ulitandikwa saa kumi na moja. Na katika hali ya kila mtu kudhani kwamba mwenzake amenunua umeme, dakika chache kabla Pedro José hajakata shauri, mita ya luku ikalia mlio wake mfupi, na sebule ikaingia giza. Walikimbia watu watatu, kila mmoja kwenye nyumba yake ya jirani, na wakarudi na habari tatu. Katika moja Isabel amesamehewa. Katika ya pili ameadhibiwa ipasavyo. Katika ya tatu, iliyoletwa na binamu, Pedro José alikuwa ametoa hotuba ndefu kuhusu madhara ya tamaa, yenye methali sita. Nyumba ile mpaka leo ina miisho mitatu, na kila upande wa kamba ya nguo unashikilia wake.

Nilijaribu kumfariji Bibi kwa kisa nilichokisoma baadaye, kwamba mababu wa tamthilia hizi walikuwa michezo ya redio, na mwaka 1948 huko Cuba uliandikwa mmoja na Félix B. Caignet, El derecho de nacer, ambamo mzee mmoja anaijua siri kubwa, na inasimuliwa kwamba mwigizaji wa mzee huyo alipoomba nyongeza ya mshahara, Caignet alimpa maradhi ya kupooza ulimi akawa bubu. Wasikilizaji wakakaa siku na siku wakingoja mzee aseme, na mzee haongei.

Bibi alifikiri. "Siri anayo yeye, na bado anabaniwa mshahara," akasema. "Huyo mwandishi hana akili. Ningempa nyongeza."

Kuhusu fundi, alirudi. Spana ni mali. Wakati huo mtaa mzima ulikuwa umeshamsimulia yeye ni nani, na inaonekana alikaa akalitafakari jambo hilo kwa makini, maana hakuja kwa mlango wa uani kama mara ya kwanza. Alipita mlango wa mbele, akasalimia, akaketi kwenye kiti cha Babu, akanyoosha miguu, na kuagiza chai yenye chumvi pamoja na ujira wake, ambao kwa hesabu yake ulikuwa umeongezeka.

Bibi hakuinuka. Alitoa pesa kwenye pindo la khanga, akazihesabu, akaondoa thamani ya bati za banda la kuku, akamkabidhi zilizobaki, ambazo hazikutosha nauli.

"Na utoke kwenye kiti," akamwambia. "Koki ya chooni inavuja, na marehemu hakuwa anakaa kabla hajamaliza kazi."