Dau la Kumtenga Shemeji

Kanuni yenyewe haina ubaya. Katika poka, ile ya Texas Hold'em, mchezaji mlegevu akiingia kwa kulipa dau la chini tu, wewe unayeamua baada yake, na karata nzuri unazo, unalipandisha ghafla mara nne au tano. Wengine wanaogopa, wanatupa karata zao, mnabaki wawili: wewe na mnyonge wako. Hesabu inakubali. Ukiwa na ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zile, utashinda kama mara 85 katika kila 100. Wakikufuata watano, nafasi yako inashuka chini kidogo ya nusu, na ree ni zile zile.

Tatizo ni hapo kwenye "wengine wanaogopa". Aliyebuni maneno hayo hajawahi kukaa barazani kwetu Temeke.

Sisi hatuchezi kwa fedha. Mama mwenye nyumba alishasema kwamba siku akiona noti mezani pake, karata zitaingia jikoni pamoja na mkaa. Kwa hiyo tunachezea maharage. Las Vegas, mwaka 2003, mhasibu mmoja wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker (ndilo jina lake kweli) alitwaa ubingwa wa dunia na dola milioni 2.5, mezani kama pale mtu akipandishiwa dau anawaza kodi ya nyumba. Kwetu anawaza kwamba debe bado limejaa.

Mlengwa wangu ni Shemeji. Hajawahi kukutana na karata akaikataa. Isitoshe hukaa kulia kwangu, maana yake huamua kabla yangu, na hicho ndicho kiti ambacho kila mchezaji mwenye akili hukiomba.

Jumamosi nikapewa ree ya kopa na ree ya shupaza. Shemeji akasukuma punje zake mbili, kama kawaida. Nikavaa sura ya mtu aliyefiwa, nikasema, "Kumi."

Fundi cherehani akanitazama. "Kumi? Huyu ana kitu. Ngoja tukione." Akaweka kumi.

"Mimi ni mtu mzima," akasema Mjomba, "siwezi kushindwa na kumi." Akaweka.

Dada msusi alikuwa kwenye simu, karata zake hajazifunua. Akaashiria kwa kidole: niwekeeni na mimi.

"Mmeingia wote?" Mama akauliza. "Basi na mimi, isije ikaonekana nimesusa."

Dau likipanda barazani petu, kila mtu anajiona ameletewa kadi ya harusi. Kubaki nyumbani ni kumdharau mwenye shughuli. Zamu ikamrudia Shemeji, yeye pekee niliyemtaka kati ya wote. Akalitazama lile lundo, akatikisa kichwa, akatupa karata. "Hapana. Leo watu wamekuwa wengi mno."

Kwa hiyo kutenga nilitenga. Yeye nje, sisi watano ndani.

Zikafunuliwa karata tatu za katikati: tisa, nne, nne. Nikaweka ishirini. Wakapungua kidogo, lakini Mama akafuata, akafuata tena karata ya nne, na ya tano, kila mara akihesabu punje moja moja kwa ukucha na kuzirudisha zilizotobolewa na wadudu. Mwishoni akafunua nne ya pau na saba ya uru.

"Jamani, nne tatu ni kitu?"

"Ni kitu, Mama," wakajibu wote, kwa furaha isiyo ya lazima.

Shemeji akaniinamia. "Unajua shida yako, Shemeji? Unapandisha dau wakati nyuma yako kuna watu wengi."

Raundi iliyofuata akaingia na punje zake mbili. Mimi nilikuwa na saba na mbili za rangi tofauti, mkono mbaya kuliko yote, nikatupa. Fundi akatupa. Mjomba akatupa. Msusi kaitwa na mteja. Shemeji akabaki na Mama peke yake, bila kuongeza hata punje moja.