Namna ya Kuuchagulia Uyoga Nyimbo

Kwanza nikiri. Uyoga niliowahi kula maishani ni ule wa mwituni unaouzwa kwa sado kando ya barabara kuu ya Iringa mvua zikikolea, ukaungwa kwa nazi, na muziki uliousindikiza ulikuwa redio ya jirani. Sikumwona malaika wala sikuongea na mababu. Niliona tu kwamba wali haukutosha. Kwa hiyo upokee mwongozo huu kama unavyopokea mafunzo ya ndoa kutoka kwa kungwi ambaye hajaolewa: maneno tele, uzoefu hakuna, kujiamini kupita kiasi.

Uyoga ninaouzungumzia ni ule wenye silosibini, kemikali ambayo Albert Hofmann, Mswisi yule yule aliyetuletea LSD, aliitenga mwaka 1958. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 uliiweka kwenye jedwali la kwanza, pamoja na vitu ambavyo polisi hawana utani navyo. Huko Oregon, Marekani, wapiga kura waliridhia mwaka 2020 itumiwe kwenye vituo maalumu mbele ya msimamizi mwenye leseni, na vituo vyenyewe vikafunguliwa 2023. Kwingine vipo vyumba vya utafiti vya vyuo vikuu. Kama hauko Oregon wala hujalazwa kwenye kochi la watafiti, bali umekaa zako Sinza au Kilimani, fanya hivi: zichukue nyimbo zote nitakazozitaja, bandika chai ya tangawizi, sikiliza. Hutaona rangi za ajabu, lakini usiku utalala kwako.

Haya, tuanze. Wengi hudhani muziki kwenye shughuli hii ni pambo tu, kama maua ya plastiki juu ya meza ya bwana harusi. Mwaka 2018 Mendel Kaelen na wenzake wa Imperial College London walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 19 wa sonona sugu waliopewa silosibini huku wakisikilizishwa muziki. Waliuita muziki huo mganga aliyejificha, na kwa sababu nzuri. Nafuu ya mgonjwa wiki moja baadaye ilifuata jinsi alivyoupokea muziki: kama ulimgusa, kama aliupenda, kama alijiachia nao. Ukali wa dawa yenyewe haukutabiri nafuu hiyo. Maana yake ni kwamba uyoga unakula sifa zote kama bwana harusi, na anayetoka jasho ni mpiga fidla.

Ukishalijua hilo, utaingiwa na hofu, na hofu ni mwanzo mzuri. Una saa kama sita za kujaza, na msikilizaji wako amelala chali, amefungwa kitambaa machoni, hedifoni zimemkaa masikioni. Hawezi kuinuka akabadilisha wimbo. Hata dikteta hajawahi kupata raia mtiifu namna hiyo.

Ratiba ilishaandikwa zamani. Helen Bonny, mpiga fidla aliyegeuka mtaalamu wa tiba kwa muziki huko Maryland, pamoja na daktari Walter Pahnke, waliigawa siku ya LSD kwa hatua katika makala yao ya mwaka 1972: kungoja dawa ianze, kupanda, kufika kileleni, kuanza kurudi, kutua. Kila hatua na muziki wake. Wasomi waliusifu mpango huo kama uvumbuzi, lakini MC yeyote wa harusi za Dar es Salaam anaujua kwa moyo. Wageni wanapoingia unapiga kitu laini kisicho na maneno. Maharusi wakikaribia mlangoni unapandisha. Keki inapokatwa ukumbi mzima unatetemeka. Chakula kikianza kugawiwa unashusha, maana hakuna mtu anayetafuna pilau huku akihojiwa na besi. Tofauti ni kwamba kwenye harusi, MC akikosea, watu hutoka nje kupunga upepo. Huyu wako hana pa kutokea.

Kwa hiyo usianze na wimbo unaoupenda wewe. Najua una wimbo wako, ule uliokuliza mwaka ulipoachwa. Uache ulipo. Na ukishapanda, usishuke ghafla. Msikilizaji aliyekuwa akielea juu ya kwaya ya Bach kisha akaangukia singeli hatakusamehe, ingawa lazima nikiri kuna sehemu yangu ingependa sana kusoma maelezo yake baada ya hapo.

Sasa tufike kwenye maneno. William Richards, aliyekuwa Maryland enzi za Bonny na baadaye akaandaa orodha maarufu ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, orodha ya zaidi ya saa sita, hupendelea kwamba kileleni sauti ya binadamu iwe ala kama ala nyingine. Iimbe, ila isimweleze msikilizaji habari. Afadhali lugha asiyoielewa. Wazungu walipolisikia hili waliandika makala. Sisi tulikuwa tumeshalitekeleza miaka mingi: nusu ya Afrika Mashariki imelia, imeposa na imeoa kwa rumba ya Kilingala bila kujua mwimbaji anasema nini, na wengine walipokuja kutafsiriwa walisikitika kugundua kwamba wimbo wao wa mapenzi ulikuwa unadai deni.

Ndiyo maana, kwa uzito wote nilionao, nakuonya juu ya taarabu. Sina ugomvi nayo, nimekulia humo. Lakini taarabu ya kisasa ni sanaa ya kumsema mtu aliye ukumbini bila kumtaja, na kila aliye ukumbini, akiwa na akili zake timamu kabisa na chupa ya soda mkononi, huamini ndiye anayesemwa. Sasa mchukue mtu ambaye kwa saa hiyo anaona hata pazia lina jambo la kumwambia, umfungulie mipasho. Utamtoa chini ya kitanda kwa maombi.

Lugha ya kigeni nayo ina mtego wake. Simfonia ya Tatu ya Henryk Górecki, ya mwaka 1976, hupendwa sana na watu wanaoandaa orodha za namna hii: nyuzi zinapanda polepole kama ukungu, kisha sauti ya mwanamke inatokeza katikati yake. Ni Kipolandi. Asiyekijua huelea tu. Anayekijua anasikia kwamba maneno ya sehemu ya pili ni maombi yaliyoandikwa na msichana kwenye ukuta wa seli ya Gestapo. Kabla ya kumwekea mtu muziki wa lugha ngeni, basi, muulize bibi yake alitokea wapi.

Kuna pia mabishano ya wenyewe kwa wenyewe: simfonia au magongi? Johns Hopkins walijaribu kuyamaliza kwa watu kumi waliokuwa wakitibiwa uvutaji wa sigara. Kikao kimoja walipewa muziki wa kiklasiki wa Ulaya; kingine wakapewa muziki wa mlio mrefu, yaani magongi, bakuli za Kitibeti, na ile didgeridoo ya Waaborijini wa Australia inayokoroma kama lori la mbao likipanda mlima Kitonga. Kikao cha tatu kila mtu akajichagulia. Sita wakachagua mlio mrefu. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, na watu kumi hawatoshi hata timu ya mpira, lakini waumini wa Brahms walinuna. Mimi najiuliza tu kwa nini hakuna aliyekumbuka kuwawekea hao watu sebene. Dakika nane za gitaa moja linalozunguka pale pale, halina neno, halina haraka, halikubali kuisha: kama hiyo si safari, sijui safari ni nini.

Ukitaka muziki wa kidini, historia iko upande wako. Ijumaa Kuu ya 1962, Pahnke huyo huyo aliwakusanya wanafunzi ishirini wa teolojia kwenye kanisa dogo la chini, Marsh Chapel, Chuo Kikuu cha Boston. Kumi walipewa silosibini, kumi wakapewa vitamini inayowasha ngozi ili wadanganyike kidogo. Juu yao ibada halisi ilikuwa ikiendelea, Howard Thurman akihubiri, kinanda kikipigwa, na sauti zote zikiteremshwa kwao kwa spika. Haikuchukua muda kila mtu akajua nani kameza nini: baadhi yao walikuwa wanatangatanga wakimtukuza Mungu, na wengine wamekaa kwenye mabenchi wanajikuna, wakiwatazama wenzao kwa kijicho cha waziwazi.

Sasa niseme jambo ambalo mwongozo wa heshima ungelisema mwanzo. Shughuli hii yote ina wenyewe, na wenyewe hawakuwa na orodha.

Milimani Oaxaca, Mexico, katika mji wa Huautla de Jiménez, Wamazateki wana mkesha. Mgonjwa huletwa usiku, uyoga huliwa, mshumaa huzimwa, na mganga huimba gizani hadi alfajiri. Hakuna aliyechagua wimbo. María Sabina, aliyejulikana kuliko waganga wote wa huko, aliimba kwa Kimazateki, lugha ya toni ambayo wanaume wake waliweza kuzungumza kwa mluzi tu kutoka kilima hadi kilima. Alipiga makofi, akabadilisha mapigo, sauti ikahama pembe za chumba kiasi kwamba wageni hawakujua alipo. Na mistari yake mingi ilifungwa na neno lenye maana ya "asema". Anayesema si yeye. Uyoga ndio unaosema, yeye ni kinywa tu. Uyachukue hayo uyalinganishe na kijana aliyekaa wiki tatu akisogeza nyimbo juu na chini kwenye simu yake, anaulizana na nafsi yake kama cello itangulie.

Mwaka 1955 alimjia Gordon Wasson, makamu wa rais wa benki ya J.P. Morgan, akasema ana wasiwasi na mwanawe aliye mbali. Sabina akamkeshea, maana mtu mwenye wasiwasi na mtoto humfukuzi. Miaka miwili baadaye habari ikatoka kwenye jarida la Life. Jina lake likafichwa, lakini njia ya kumfikia haikufichwa sana. Mwaka huo huo wa 1957 sauti ya mkesha ikatoka kwenye santuri ya kampuni ya Folkways. Hapo ndipo orodha ya kwanza ya nyimbo za uyoga ilipozaliwa, na mwimbaji wake hakuwa ameombwa kuiandaa. Kisha wakaja mahipi, mmoja mmoja, halafu kwa makundi, wakimtafuta Mungu kwenye mji ambao uyoga uliliwa ili mgonjwa apone. Wanakijiji wakamlaumu Sabina. Nyumba yake ikachomwa moto. Alifariki 1985, maskini kama alivyozaliwa.

Lakini lipo jambo moja la mwaka 1962 ninalolipenda. Hofmann alipanda hadi Huautla na silosibini ya maabara, vidonge, akamwomba Sabina avijaribu. Alivimeza, akaimba usiku kucha, na asubuhi akakubali kwamba roho ni ile ile. Sasa, alisema, angeweza kufanya kazi hata msimu wa uyoga ukiisha. Mkemia akaondoka amefurahi, amethibitisha kidonge chake. Sijui kama aliwahi kujiuliza kidonge kingefanya nini usiku ule kama mama yule angenyamaza.

Kama huna Sabina, na huna, rudi kwenye simu yako. Zima kipengele cha kuchanganya nyimbo. Ratiba nzima ya Bonny haina maana kilele kikija cha kwanza. Lipia programu ya muziki. Kulipia ni elfu chache, na hakuna roho ya binadamu inayostahili kufika kwenye lango la umilele ikakaribishwa na sauti ya kijana mchangamfu anayetangaza mkeka wa wikendi na bonasi ya kujiunga. Pakua nyimbo zote mapema, maana bando huisha saa ile ile ambayo mtu amekutana na marehemu babu yake. Funga simu zinazopigwa. Mpe jogoo wa jirani taarifa.

Kuhusu mwisho, fuata Baltimore: orodha ya Richards, baada ya saa zote hizo za kwaya na nyuzi, humrudisha mtu duniani kwa Louis Armstrong na wimbo wake wa kuusifu ulimwengu. Hapo maneno yanaruhusiwa. Mtu karudi, anahitaji kusalimiwa.

Na acha mianya. Kati ya kipande kimoja na kingine weka dakika mbili za kimya, masikio yapumue. Nakuambia hili nikijua litakugharimu. Kwa sababu jioni, kitambaa kikishatoka machoni, uji ukishanyweka na mtu wako akishakumbuka jina lake, utamsogelea kwa unyenyekevu wa uongo na kumuuliza ni wimbo gani uliomgusa. Atafumba macho. Atakuambia ni ule uliokuja baada ya cello, mlio mmoja mzito usiokatika, uliomchukua akajua kila kitu kitakuwa sawa. Utaichukua simu, utaikagua orodha mara tatu. Baada ya cello hapakuwa na wimbo. Hedifoni zilikuwa kimya, na jikoni friji lilikuwa limewaka.