Sinema Isiyodai Tiketi

Jengo la Majestic, lililoko Vuga mjini Unguja, limebadilisha sura kuliko mwigizaji yeyote aliyepita kwenye pazia lake. Lilifunguliwa mwaka 1921 kwa jina la Royal, ukumbi uliosanifiwa na John Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye hata ofisi za serikali alizivika matao ya Kiarabu, kisha likateketea kwa moto na kuzaliwa upya mwaka 1955 kwa mtindo wa Art Deco, yaani ule wa kona za mviringo na mistari iliyonyooka. Enzi hizo watu waliokwenda kulizwa na filamu ya Kihindi walijipamba kama waendao harusini, jambo ambalo televisheni ya rangi, iliyofika Zanzibar miaka ya 1970 ilhali Bara haikuwa na hata ya nyeusi na nyeupe, ililimaliza kwa kumruhusu mtazamaji kulia akiwa amejifunga kikoi. Baadaye paa nalo liliaga, na mvua ya masika ikawa mtazamaji pekee anayeingia bila tiketi. Mwenzake, Cine Afrique ya Malindi, alipewa kazi ya maduka, ambako fedha bado hukusanywa karibu na mlango, ila sasa ni wakati wa kutoka.