Namna ya Kulisha Ampi Stima Safi Bila Kugombana na Kijiji

Kwanza ngoja bonasi. Ikifika Oktoba, pesa ya majani chai ya shirika la KTDA inaingia, na mtu aliyeapa kubadilisha mabati anajikuta Litein akiuliza bei ya spika ya inchi 12. Inunue. Nunua na mbao za kasha, upake rangi nyeusi. Pawa saplai usiitengee hata shilingi. Ndiyo desturi, na ndiyo maana ampi nyingi za kujitengenezea zinanguruma kabla wimbo haujaanza.

Wageni wakiuliza, waambie hiyo ni besi. Wakikataa kudanganyika, basi itabidi tuzungumze stima.

Ya ukutani ni volti 240. Transfoma inaishusha, dayodi 4 za daraja zinaielekeza upande mmoja, kapasita inajaza mabonde, regyuleta inasawazisha. Stima yetu ina mizunguko 50 kwa sekunde. Ikipita kwenye daraja inatoa mawimbi 100, na hayo ndiyo mngurumo wako. Weka kapasita ya mikrofaradi 4700, ya volti 35. Muuzaji atakusifia ya 1000, kwa kuwa ndiyo aliyo nayo.

Tuseme ampi yako ni ya chipu ya TDA2003, iliyobuniwa kwa redio za magari, na unataka kuipa volti 12. Mjuaji hununua transfoma ya 12 akaona hesabu imeisha. Mchana inapiga vizuri, maana 12 hiyo ikishapita kwenye daraja na kapasita hufika karibu 15.5. Ngoja jioni. Huko mwisho wa laini stima ikishuka hadi 200, hata 13 hazifiki, na regyuleta ya 7812, ile ya kutoa volti 12, hudai kama volti 2 zaidi ya zile inazotoa. Regyuleta ni kinyozi: hupunguza, haioteshi. Chukua transfoma ya volti 15, ampea 2.

Volti zinazonyolewa hugeuka joto, karibu wati 8 kwa kila ampea. Ifunge regyuleta kwenye kipande kinene cha aluminiamu. Sufuria ya mama ni aluminiamu nzuri sana, ila mwongozo huu hautakuwepo saa ya kimyet, yaani ugali.

Weka fyuzi upande wa 240, na uchomoe plagi kabla ya kugusa chochote huko. Fyuzi ikikatika, waya wa shaba utatosha mahali pake ikiwa umeshaichoka nyumba.

Kisha kuna radi. Wingu linalomwaga mvua ya mawe kwenye chai ya Kericho halisahau nyaya za stima. Likianza kufunga, chomoa plagi. Ukitaka wimbo uishe kwanza, utapata nafasi ya kujenga upya ukiwa na uzoefu.

Majaribio usifanyie nyimbo za kelele, zinaficha dhambi. Tafuta Chemirocha, aliyoirekodi mtafiti wa muziki Hugh Tracey hapa Kapkatet mwaka 1950, wasichana wa Kipsigis wakimwimba Jimmie Rodgers, mwanamuziki wa Marekani aliyewafikia kwa santuri. Ni sauti zao na kinubi tu, kwa hiyo mngurumo hauna pa kujificha. Ukiusikia, rudi kwenye kapasita.

Usipousikia, hongera. Sasa punguza sauti ifikapo saa tatu usiku, tafadhali. Jirani anaamkia kuchuma chai, na lori la majani halimsubiri.