Akiba ya Ganda Moja

Wako waungwana Marekani wasiotaka kusikia habari ya kununua risasi mpya. Ghali mno, wanasema. Huokota maganda yao ya .30-06, aina ya risasi za bunduki iliyoanza mwaka 1906, wakayabana upya kwenye kalibu, wakatia kiwashio, baruti na kichwa kipya. Uchumi huo!

Ila ganda la bunduki lenye shingo halibanwi kavu. Linataka mafuta kidogo. Bwana akibania hata mafuta, ganda litaingia kwa adabu zote, kisha ligome kutoka. Atavuta wenzo wa mashine ya kubania kwa hasira, ukingo wa kitako ukatike, na kalibu iwe imepata mpangaji asiyehama.

Hapo ndipo akiba inaponoga: keekee ya kutoboa kitako, kifaa cha kuchonga hesi, bolti, washa, na spana ya kulivuta ganda taratibu. Vyote vinauzwa pamoja kwenye kiboksi, tena na watengeneza kalibu wale wale. Wanawajua wateja wao. Na asiyelegeza kwanza kijiti cha katikati ya kalibu akakisogeza juu, keekee yake itakutana nacho. Atanunua na hicho.

Safari ijayo atamwaga mafuta mpaka mabega ya ganda yabonyee.